Alaimenti Hupimwa Gari Tupu, Safari Hufanywa Limejaa

Kando ya kibanda cha fundi pancha yeyote kwenye barabara kuu, iwe Chalinze, Mikumi au Makambako, hukosi rundo la matairi yaliyomaliza kazi. Watu huyapita. Mimi huinama nikayageuza, na niliofuatana nao hujua hapo tumechelewa. Tairi lililoisha sawasawa kutoka bega hadi bega ni nadra humo. Mengi yameliwa upande: bega la nje kashata zake, vile vitofali vya mpira vinavyokanyaga lami, bado zimesimama, bega la ndani kipara, pengine waya zimeshachungulia. Na mengi ya hayo, ukiuliza, yalifungwa nyuma.

Ukikutana na mwenye gari atakwambia, "Mbona nilipiga alaimenti juzi tu?" Alaimenti ni kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, jinsi yanavyosimama na yanakoelekea. Atafungua droo ya dashibodi akutolee na karatasi, namba zote za kijani. Karatasi haisemi uongo. Siku ile gari lilisimama kwenye mashine likiwa tupu, tanki nusu, hakuna mtu ndani, mwenyewe amekaa kwenye benchi anakunywa soda. Kesho yake likapakiwa watu saba, viroba vya mchele, tenga la kuku na jenereta ya shemeji, likashika njia ya Songea. Lililopimwa ni gari moja, lililosafiri ni jingine, ingawa namba ya usajili ni ileile.

Hili ndilo nimekuwa nikibishana na mafundi kwa muda sasa, na ninazidi kuamini niko sahihi: swali la kwanza kwenye alaimenti lingepaswa kuwa gari hili hubeba nini na mzigo hukaa wapi. Niliwahi kumwuliza fundi mmoja aliyekuwa akipima gari letu.

"Fundi, hapa unapima likiwa tupu. Likijaa si itabadilika?"

"Dada, mashine ndiyo inavyotaka."

"Mashine inajua tunabeba nini?"

Akacheka. "Mashine inajua modeli ya gari tu."

Jibu zuri kabisa, na lina ukweli wote ndani yake.

Tuanze na kemba, maana ndiyo inayoonekana kwa macho. Simama nyuma ya gari, utazame gurudumu linavyosimama. Kichwa cha gurudumu kikiwa kimelalia ndani na mguu umetoka nje, kemba ni hasi. Kichwa kikitoka nje, ni chanya. Magari mengi ya kawaida hutengenezwa gurudumu likiwa karibu na wima, au na uhasi kidogo, pungufu ya digrii 1 au zaidi yake kidogo. Kemba hasi kiasi hicho ina kazi yake: gari likikata kona mwili hulalia nje, na gurudumu la nje linalobeba uzito mwingi hunyooka, tairi likakanyaga lami kwa upana wake. Tatizo ni pale mzigo unapoiongeza hadi tairi linatembea kwa bega la ndani kilomita mia kwa mia bila kona yoyote.

Sasa uzito. Chukua gari dogo la kilo 1,100, injini mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Gari la namna hiyo likiwa tupu, asilimia 60 hivi ya uzito iko mbele: kilo 660 mbele, 440 nyuma. Weka mifuko 6 ya saruji, kilo 300, juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Mbele hapajaongezeka hata kilo moja. Nyuma pamefika 740. Ekseli ya nyuma imeongezewa theluthi mbili ya uzito iliozoea kubeba, ya mbele haina habari.

Sogeza mifuko ileile nyuma zaidi, sentimita 40 kupita ekseli, pale kwenye mdomo wa buti ambapo ndipo wapakiaji wetu hupenda kutupia vitu vizito ili wasihangaike kuviingiza ndani. Ikiwa kati ya ekseli na ekseli ni milimita 2,550, kama ilivyo kwenye Probox, ekseli ya nyuma inakuwa mhimili: mbele panapungua kilo 47, nyuma panaongezeka 347. Mzigo haujabadilika, mahali tu ndipo pamebadilika. Na hapo nimehesabu saruji, ambayo kilo zake zimeandikwa kwenye mfuko. Ukipakia viazi vya lumbesa hesabu inabaki kwa Mungu, maana gunia linaloitwa la kilo 100 limevikwa kilemba juu na hakuna aliyelipima.

Kilo 347 zikishuka kwenye springi za nyuma, mwili wa gari unashuka. Kitakachotokea kwa kemba hapo kinategemea jinsi miguu ya nyuma, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu kwenye bodi, ilivyoundwa, na hili ndilo jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui kuhusu gari lao wenyewe. Mtu anajua injini ni VVT-i, anajua gia ni ngapi, ila hajawahi kuchungulia chini nyuma kuona kama magurudumu mawili yameunganishwa na chuma kimoja au kila moja lina mguu wake.

Tulilijaribu hili nyumbani, uwanjani penye sakafu ya zege, na nashauri kila mwenye nafasi ajaribu kwa sababu hakuna kifaa cha gharama. Unahitaji timazi ya fundi mwashi, rula, na mtu wa kukushikia. Kamba ya timazi unaibandika kwenye ukingo wa bodi juu ya gurudumu, ining'inie nje ya tairi bila kuligusa. Unapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa rimu juu, kisha hadi ukingo wa rimu chini. Usipime kwenye tairi, maana chini limevimba kwa uzito na litakupoteza. Kwenye rimu ya inchi 15 kutoka ukingo hadi ukingo ni kama milimita 410, hivyo tofauti ya milimita 7 kati ya juu na chini ni sawa na digrii 1. Pengo la juu likiwa kubwa, kemba ni hasi.

Magari yalikuwa mawili. Moja ni la shemeji, kigari cha juujuu chenye miguu huru pande zote nne, nyuma ikiwa strati, nguzo ya shokapu na springi nitakayoieleza chini. La pili ni Probox ya jirani, ile ya kwanza iliyoanza kutoka mwaka 2002, ambayo nyuma ina ekseli ngumu iliyoshikwa na mikono minne na springi za koili. Tulipima yote mawili matupu, kisha tukapakia saruji, tukayasukuma mbele na nyuma mita kadhaa kabla ya kupima tena. Hatua hiyo ya kusukuma usiiruke. Gari likishuka likiwa limesimama, matairi hung'ang'ania sakafu palepale yalipo na kuzuia miguu isikae inapotaka. Likibingirika kidogo, yanaachia.

Kwenye gari la shemeji pengo la nyuma lilikuwa milimita 6 likiwa tupu. Baada ya saruji likafika 12. Yaani kutoka pungufu kidogo ya digrii 1 hadi karibu digrii 1 na robo tatu, na hiyo ni bila abiria hata mmoja. Mtoto wa jirani aliliona bila rula: "Mama, tairi zimelala."

Probox ilishuka nyuma vilevile, pua ikanyanyuka kama zinyanyukavyo Probox zote za miraa na za michomoko. Timazi ya nyuma haikusogea. Magurudumu yale yameshikana kwa chuma kimoja, na chuma kile hakijali bodi imeshuka kiasi gani. Maadamu pande zote mbili zinakanyaga sawa, gurudumu linasimama vilevile. Watu wanaisifu Probox kwa uvumilivu wake kana kwamba ni bahati. Ni gari la mizigo. Japani limeandikishwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili, au 250 likiwa na watu watano, na waliolichora walijua mzigo utapanda na kushuka kila siku, wakachagua mguu usiobadilika kemba kwa mzigo. Gharama yake ni ule mdundo unaousikia kwenye rasta gari likiwa tupu.

Kati ya hizo mbili kuna bimu ya kujisokota, chuma kimoja kinachounganisha magurudumu ya nyuma ila kinakubali kujipinda kidogo, ambayo ndiyo iko nyuma ya magari mengi madogo tunayoagiza, Vitz, IST, Passo, na Noah za kuanzia 2001 zinazovuta kwa mbele. Hiyo nayo ikishuka pande zote sawa haibadilishi kemba kwa kiasi cha kukusumbua. Ukiona gari la bimu limekula tairi za nyuma upande wa ndani, usilaumu mzigo haraka. Tafuta bushi (mipira ya viungo) zilizokufa au bimu iliyopinda baada ya shimo.

Strati, ile iliyobuniwa na Earle MacPherson na kuenea kupitia Ford za mwanzo wa miaka ya 1950, ina tabia ya pekee. Chini kuna mkono mmoja, juu shokapu na springi vimesimama kama nguzo na kushikwa na bodi. Gari tupu, mkono ule umeinamia nje. Bodi ikishuka, ncha ya mkono inapanda kuelekea usawa na wakati huohuo inasukuma mguu wa gurudumu nje. Kemba inaelekea hasi. Ila inaenda hivyo hadi mkono upite usawa kidogo. Ukizidi hapo, ncha inaanza kurudi ndani na kemba inageuka kuelekea chanya. Ndiyo maana gari la strati lililozidiwa kupita kiasi mbele huanza kuwa na tabia ambayo dereva hawezi kuieleza: kwenye kona linalegea, tairi linalia, wakati kwa mzigo wa wastani lilikuwa limetulia.

Wishboni mbili, yaani mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini ya gurudumu, kama kwenye mbele ya Hiace na Hilux, mkono wa juu ni mfupi kuliko wa chini. Mguu ukipanda, mkono mfupi unachora duara dogo na kukivuta kichwa cha gurudumu ndani. Kadiri bodi inavyoshuka ndivyo uhasi unavyoongezeka, na pua ikinyanyuka kwa mzigo wa nyuma, kinyume chake.

Babu wa habari hizi zote ni Volkswagen Beetle, na wasomaji wa umri wa wazazi wangu wataikumbuka bila picha. Injini nyuma, na kila gurudumu la nyuma limeshikwa na nusu-ekseli yenye kiungo kimoja tu pale kwenye gia. Kiungo kimoja maana yake gurudumu haliwezi kupanda bila kulala. Ikiwa tupu, vichwa vya magurudumu ya nyuma vilitoka nje. Ikijaa familia na mizigo, vikaingia ndani na miguu ikatanuka. Ungeweza kukisia uzito wa waliomo kwa kuitazama kwa nyuma ikipita. Gari hilohilo lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwa hiyo asije mtu akadhani halikufaa barabara zetu.

Ila lilikuwa na hila. Kwenye kona kali, nguvu ya tairi la nje ilisukuma ekseli na kuinyanyua nyuma ya gari, na kadiri nyuma ilivyonyanyuka gurudumu lilizidi kujikunja chini ya mwili. Gari tupu ndilo lililokuwa na hatari zaidi kwa sababu lilianza tayari likiwa na kemba chanya. Marekani, Chevrolet walitoa Corvair, modeli ya 1960, kwa muundo wa aina hiyohiyo, injini nyuma na nusu-ekseli, na tiba yao ya kwanza ilikuwa upepo: psi 15 mbele, 26 nyuma. Fikiria kumwambia dereva wa kawaida asimamie tofauti hiyo kila anapojaza upepo. Ralph Nader, mwanasheria mtetezi wa wateja, aliwashambulia kwa hilo mwaka 1965, ingawa modeli ya 1965 ilikuwa tayari imekuja na miguu ya nyuma iliyochorwa upya kabisa. Volkswagen nao wakaongeza chuma cha kusawazisha nyuma, kisha wakaiacha nusu-ekseli kwa hatua.

Kemba peke yake, hata hivyo, hubeba lawama nyingi isizostahili. Digrii 1 ya kemba, hata 1 na nusu, tairi linaweza kuishi nayo miaka likachakaa taratibu bega moja. Muuaji ni tou.

Tou ni jinsi magurudumu mawili ya ekseli moja yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu: pua zimekaribiana au zimeachana. Gurudumu lililogeuka digrii 1 kutoka njia ya gari linaburutwa ubavu mita 17 kwa kila kilomita. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190; piga hesabu mwenyewe utaona tairi hilo limesuguliwa ubavu zaidi ya kilomita 3 kabla hujafika Msamvu. Na tou nayo hubadilika kwa mzigo, kwa sababu mkono unaobeba gurudumu na fimbo inayolielekeza havina urefu sawa wala havikuanzia mahali pamoja. Kila kimoja kinachora duara lake. Mhandisi hujitahidi maduara hayo yafuatane kwenye urefu wa kawaida wa gari. Ukishuka sentimita 6 umetoka kwenye ukurasa wake.

Kwa hiyo yale matairi ya kwenye rundo mara nyingi yameuawa na wawili kwa pamoja: kemba ya mzigo imehamishia uzito bega la ndani, tou ya mzigo ikalisugua bega hilohilo. Utaitambua tou kwa kiganja. Pitisha mkono juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Upande mmoja unateleza, upande mwingine unakukwaruza kama msumeno. Tairi lililoliwa na kemba tupu halina misumeno, limelainika tu.

Mbele nako hakubaki salama, ingawa mzigo uko nyuma. Nyuma ikishuka milimita 60 kwenye gari la Probox, bodi nzima inainama digrii 1 na theluthi. Kasta, ule mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, inaongezeka kiasi hichohicho. Kasta ikiongezeka usukani ungepaswa kuwa mzito na kujirudisha vizuri, lakini hapohapo magurudumu ya mbele yamepunguziwa uzito, hivyo dereva anahisi usukani mwepesi, unaelea. Mtu anaenda gereji kulalamikia stelingi, anabadilishiwa tairodi (fimbo za usukani), na tairodi haikuwa na kosa.

Taa nazo. Bodi ikiinama kiasi hicho, mwanga wa taa za mbele umepanda zaidi ya mita 1 ukifika mita 50. Unaowapofusha usiku hawajui kwamba hujawasha fulu. Magari mengi ya Kijapani yana kijigurudumu chenye namba karibu na usukani, 0 kwenda juu, cha kushusha taa kulingana na mzigo. Nimepanda na madereva wa miaka mingi ambao hawajawahi kukigusa, mmoja aliniambia alidhani ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi.

Watengenezaji hawakulisahau suala la mzigo kwenye alaimenti. Wengi waliandika vipimo vyao kwa gari tupu lenye mafuta na vimiminika vyote. BMW kwa miaka mingi walifanya tofauti: kwenye modeli yao ya E46, kwa mfano, gari hupakiwa kwanza kilo 68 kila kiti cha mbele, 68 katikati ya kiti cha nyuma, 21 kwenye buti, tanki limejaa, ndipo lipimwe. Wazo ni kwamba gari likifika kwenye mashine liwe kwenye urefu ambao litaishi nao barabarani. Mafundi wa mbio nao huweka mifuko yenye uzito wa dereva kwenye kiti chake. Kwetu hilo lingefaa zaidi, maana usukani uko kulia, na mtu wa kilo 95 anayeendesha peke yake kila siku anashusha upande wa kulia kila siku. Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi, na tofauti ndogo tu ya kushoto na kulia inatosha. Usisahau pia kwamba tunaendesha kushoto na barabara imemwagia maji kushoto, kwa hiyo mvuto kidogo kuelekea kushoto kwenye gari zima kabisa si ugonjwa.

Rai yangu ni hii. Gari la kwenda kazini na kurudi, pima likiwa na uzito wa dereva wake na tanki nusu. Gari la ekseli ngumu au bimu nyuma, pima mbele tu kwa makini na usipoteze usingizi na mzigo. Gari la miguu huru ambalo kazi yake halisi ni kubeba, wiki kwa wiki, lipeleke kwenye mashine na mzigo wake ndani, au mifuko ya uzito unaokaribiana nao, na umwombe fundi aweke tou ikiwa hivyo. Litakapokuwa tupu tou itatoka kidogo kwenye kijani. Hapo tairi halina uzito wa kuliumiza sana. Mafundi wengine watakataa kwa sababu namba za mwisho hazitakuwa za kijani likishuka mzigo, na wanaogopa mteja atarudi na karatasi. Nawaelewa. Lakini karatasi haitembei Songea.

Kabla ya hayo yote, tazama urefu wa gari likiwa tupu. Magari yetu mengi yamefika bandarini yakiwa na miaka kumi na kitu, springi zimekaa tayari. Kuna Forester za kizazi cha 2002 hadi 2007 zilizokuja na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe gari likipata mzigo. Zikichoka, nyuma inainama hata bila mtu ndani, na kemba na tou zinakwenda nayo. Wengi hufunga shokapu za kawaida wakaacha springi zilezile, halafu wanashangaa bado limeinama. Springi zile zilitengenezwa laini kwa sababu shokapu ilikuwa inasaidia kubeba. Lazima vibadilike pamoja.

Na wale wa kunyanyua. Najua barabara za mtaani kwetu, najua kwa nini mtu anaweka spesa, vipande vya kunyanyulia, vya sentimita 4 juu ya strati. Ila spesa hufanya kinyume cha mzigo: mkono unainama zaidi, mguu wa gurudumu unavutwa ndani, kemba inaelekea chanya, na tou inatoka ilipokuwa. Kufunga spesa bila kwenda kwenye mashine siku hiyohiyo ni kununua matairi kwa mkopo. Utaambiwa kwenye mashine kwamba kemba ya gari lako haigusiki, na mara nyingi ni kweli, kwa kuwa kiwandani hawakuweka mahali pa kuirekebisha. Zipo boliti maalumu nyembamba zenye kitovu cha pembeni, zinachukua nafasi ya moja kati ya zile mbili zinazoshika strati na nakoli, kile chuma kinachobeba gurudumu, na zinakupa digrii 1 na kitu kila upande. Hizo ni salama. Kutanua tundu kwa grainda si salama, hata fundi akisema amewafanyia watu wengi.

Madereva wa malori wanatushinda katika jambo moja: wao hupimwa kwa ekseli. Kwenye mizani, chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya usukani haipaswi kuzidi tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, na gari zima lisivuke tani 56. Lori linaweza kuwa chini ya jumla na bado likakwama kwa sababu ekseli moja imezidi, ndipo unaona tingo wanahamisha magunia kutoka nyuma kwenda mbele juani. Ekseli ya mbele ya lori nayo hupinda kidogo ikibebeshwa, ndiyo maana kwa desturi huundwa na kemba chanya kidogo likiwa tupu, ili likijaa gurudumu lisimame wima. Sisi wa magari madogo hatupiti mizani. Hakuna anayetuambia.

Shemeji alilipeleka lile lake na saruji ndani. Fundi alinung'unika kuhusu lifti, akaangalia uwezo wake ulioandikwa kwenye nguzo, akanyamaza. Tou ya nyuma ilikuwa imetoka sana kwa mzigo, akairudisha. Kemba ilibaki ileile ya digrii 1 na robo tatu, kwa sababu gari lile nyuma halina pa kuigusa na shemeji hataki kununua boliti. Badala yake amehamisha mizigo mizito ikae nyuma tu ya viti vya mbele, na kila baada ya miezi kadhaa hupita kwa fundi pancha, matairi ya nyuma yanavuliwa kwenye rimu na kugeuzwa, bega la ndani likawa la nje. Hilo linawezekana kwa tairi lisilo na mshale wa mwelekeo wala maandishi ya upande wa nje na wa ndani. Yake hayana. Nilikagua kabla hajalipa.